Eti "hii ni picha tu": nimeaibishwa mbele ya foleni nzima kwa kadi yangu ya zawadi

Mkaa Foleni (mleta mada):

Wakuu, ninaandika nikiwa bado nimevaa viatu, kwa sababu nikivua nitapoa, na sitaki kupoa. Nimetoka sasa hivi katika lile duka kubwa ambalo sina haja ya kulitaja. Ni lile ambalo mlinzi wake huitoboa risiti yako mlangoni kwa uzito wa mtu anayegonga muhuri kwenye pasipoti. Na aliyenifanyia haya ni yule yule mnayemfahamu, yule wa kaunta ya tatu ambaye miwani yake hukaa juu ya kichwa na haijawahi kushuka machoni.

Dada yangu anaishi Muscat. Zamani akitaka kunipa kitu alimkabidhi msafiri, na zawadi ilinifikia ikiwa imepungua. Baadaye tukahamia kwenye pesa za simu. Safari hii, kwa siku yangu ya kuzaliwa, aliingia kwenye tovuti ya duka hilo hilo, akalipa, nami nikaletewa kwenye simu kadi ya zawadi ya shilingi 100,000, yenye jina la duka, rangi za duka, msimbo wa mistari na tarakimu kumi na sita. Sikuiomba wala sikuitengeneza. Duka lenyewe limetundika bango, refu kuliko mlango, linalosema kwamba kadi za zawadi za kidijitali zinapokelewa.

Nikajaza toroli: mchele, mafuta ya alizeti, sabuni ya unga, na birika la umeme ambalo nimelitamani tangu Pasaka. Nikapanga foleni kwa muda ambao mtu angeweza kupanda mpunga na kuuvuna. Nilipofika nikatoa simu. Yule bwana akaielekezea mashine yake mara ya kwanza, ikanyamaza. Mara ya pili, ikanyamaza. Kisha akaiinua simu yangu juu, kama mnadi mitumba anavyoinua suruali, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye majokofu ya samaki: "Mzee, hii ni picha tu."

Hii ni picha tu!

Wala hakuishia hapo. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akanionyesha Prado nyeupe, akaniuliza, "Na mimi ninayo hii, je, niiendeshe mpaka nyumbani?" Foleni nzima ikacheka. Mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye bila shaka hajui Prado ni mnyama gani, naye akacheka.

Nilimwomba aziingize zile tarakimu kwa mkono, akasema mfumo haukubali. Nilimwomba amwite msimamizi, akasema msimamizi amekwenda kula chakula cha mchana, na hiyo ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Nikasema basi nitalipa kwa simu. Akanionyesha vibao vinne vya Lipa Namba vilivyobandikwa mbele yake, kila mtandao na chake, na kabla sijamaliza kuandika namba ya siri akatangaza kwamba mtandao unasumbua. Nikatoka nje kwa wakala, nikakatwa ada ya kutoa, nikarudi, nikapanga foleni upya, nikalipa kwa noti, na chenji yangu nikapewa pipi mbili. Chenji ya pipi, wakuu, chini ya bango la kidijitali!

Lakini pipi nimezila. Neno nisiloweza kulimeza ni lile la picha. Yule bwana ni wa rika langu, na alikua akikwangua vocha kwa sarafu kama sisi sote. Vocha ilikuwa nini kama si tarakimu kwenye karatasi? Mtu alimsomea mchumba wake tarakimu hizo kwa simu, moja baada ya nyingine, na ikahesabika kuwa zawadi. Hakuna msichana aliyejibu kwamba hizo ni namba tu. Noti yenyewe ya 10,000 niliyompa, ukiitazama vizuri, ni picha ya tembo. Mbona ile aliipokea kwa mikono miwili?

Nawasilisha, nikiwa na shilingi 100,000 za picha.

Kandambili:

Mleta mada, nimekusoma mara mbili, na ninaona kwamba kilichokuuma si "picha" bali ni "mzee".

Mama Mizani:

Mimi nina duka la nafaka, na nitamtetea yule bwana ingawa mwaka ule alinipimia nyanya pamoja na kiganja chake. Kuna kijana alinionyesha ujumbe wa malipo ya shilingi 85,000: jina langu lilikuwepo, namba ya muamala ilikuwepo, saa na dakika zilikuwepo. Nikampa gunia la mahindi, nikamsaidia na kulipandisha kwenye bodaboda. Jioni nilipoangalia salio, sikukuta hata senti. Tangu siku hiyo anayelipa kwangu husimama mpaka simu yangu mimi ilie, hata kama ni padri.

Fundi Redio:

Tuache hasira kidogo tutazame mashine. Zile za zamani hutumia mwale wa leza: mwale ukipiga karatasi, sehemu nyeupe huurudisha na mistari myeusi huumeza, na kwa tofauti hiyo mashine husoma. Kioo cha simu hakiurudishi mwanga kwa namna hiyo, kwa hiyo mara nyingi mashine haioni kitu hata ukiongeza mwangaza mpaka mwisho. Inatakiwa mashine yenye kamera, au mtu mwenye vidole vya kuandika tarakimu kumi na sita. Duka hilo limeuza kadi kabla ya kununua kitu cha kuisomea, sawa na mtu aliyefungua mgahawa kabla ya kuchimba choo.

Kandambili:

Kwa hiyo hata kisayansi ilikuwa picha tu.

Bwana Senti:

Ninyi mnalilia picha, mimi ninalilia makato. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, nilirudi kwenye utaratibu wa kumpa kondakta wa basi bahasha, kama tulivyofanya kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008. Tozo zilishushwa baadaye, lakini mama yangu hadi leo ukimtumia 20,000 hakusalimii kwanza, anauliza, "Na ya kutolea?" Mleta mada, hebu muulize dada wa Muscat kama aliweka na ya kutolea.

Fundi Redio:

Hivyo vibao vinne navyo havina sababu. Benki Kuu imeshaleta TANQR, msimbo mmoja unaosomwa na mitandao na benki mbalimbali, lakini wenye maduka wanaendelea kubandika karatasi juu ya karatasi hadi muuzaji hamwoni mteja.

Msafiri wa Thika:

Hamjambo, ndugu zetu. Huku kwetu M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo hata mama anayechoma mahindi kando ya barabara hupokea kwa simu bila kuinua macho kutoka kwenye jiko. Kadi, hata hivyo, zilitushinda. Mwaka 2014, serikali ilipotaka abiria wa matatu walipe nauli kwa kadi, mimi mtiifu nilinunua kadi nikaijaza fedha. Wiki nzima makanga waliniambia kwamba mashine imeharibika, mashine ambayo haijawahi kutolewa kwenye nailoni yake. Kadi hiyo ningali nayo, ina shilingi 300 ndani, na huitumia kukwangulia matope ya viatu.

Mama Mizani:

Kwa kuwa tumefika hapa, ni nani anayejua namna ya kurudishiwa fedha iliyokwenda kwa mtu mwingine? Nimetuma 30,000, jina likaja, nikalisoma, nikaona si lenyewe, kidole kikathibitisha. Nikimpigia aliyeipata, anasema yuko msibani.

Kikotoo:

Piga huduma kwa wateja sasa hivi, kabla hajaitoa; fedha ikiwa bado imo kwenye akaunti yake wanaweza kuizuia, lakini ikishatoka utaanza kumbembeleza. Yangu ni mabaya zaidi. Kila wiki nilikuwa nikipokea ule ujumbe wa matapeli, "Ile hela itume kwenye namba hii", nami nikiufuta huku nikicheka. Juzi ulinikuta ninadaiwa kodi ya nyumba kweli. Niliituma, nikamshukuru, na akanijibu, "Karibu."

Bwana Senti:

Uliweka na ya kutolea?

Kikotoo:

Niliweka.

Mkaa Foleni:

Wakuu, ninaomba turudi kwenye picha. Aliiinua simu yangu juu. Juu kabisa, mahali ambapo hata watu wa kaunta ya saba waliiona.

Kandambili:

Mzee, tumekuelewa.

Mama Mizani:

Samahani, mleta mada, lile birika la umeme ulilichukua?

Mkaa Foleni:

Fedha niliyoitoa kwa wakala haikutosha. Niliacha birika.

Mama Mizani:

Ni la lita ngapi? Ninafunga duka saa moja, ninaweza kupita.