Ukioa, jina la zamani kwenye fomu ya bima life au libaki?

Wakuu wa Dodoma, naomba tujadili hili bila matusi. Kaka yangu aliajiriwa bado kapera, kazini wakamletea fomu ya bima ya maisha, pale kwa mnufaika akaandika jina langu, asilimia 100, kalamu ya bluu, na namba ya simu ambayo laini yenyewe nilishaipoteza kitambo. Baadaye kaoa, kapata watoto wawili, kajenga Nkuhungu, fomu hajaigusa. Kafariki, hela imekuja kwangu. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo kasema "jina ni lako, chukua, mje mpaue nyumba ya Mpwapwa." Shemeji kakaa tu kwenye mkeka anakunja pindo la kanga anakunjua. Nimempa yeye, wazee wamenuna mpaka leo. Mimi nataka sheria iseme ukishafunga ndoa jina la mwanzo linakufa lenyewe. Mnasemaje?

Mdau, Makole:
Sikubaliani mkuu. Wengine tumeandika mama makusudi, ndiye aliyeuza mbuzi tukasoma. Serikali inifutie mama yangu kwa sababu nimeoa?

Mdau, Kondoa:
Kwetu Waislamu hata jina likibaki sheikh alituambia we ni mpokeaji tu, hela inaingia kwenye mafungu ya mirathi. Mke mwenye watoto thumni yake, yaani moja ya nane, wazazi wana lao. Wosia wenyewe hauvuki theluthi na mrithi humuusii mpaka wenzie waridhie.

Mdau, Area C:
Mleta mada una roho nzuri ila hujafikiria jina likishakufa hela inakwenda wapi. Inaangukia kwenye mirathi! Na mirathi ikiendeshwa kimila, lile Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 linasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, eti atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga hiyo mahakamani wakagonga mwamba, ikafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa, 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao. Sasa hao wazee wako walionuna ndio ungewapa rungu. Bora jina libaki lakini fomu iletwe upya kila mwaka, kama hujasaini mshahara usubiri, utaona watu watakavyokimbia 😂

Mdau, Ipagala:
Mimi nakusanya hizo fomu ofisini. Balaa lingine ni watu kuandika mtoto wa miaka mitatu halafu basi. Chini ya miaka 18 hapokei hela mwenyewe, mnaanza kutafutana nani amshikie, mwisho wa siku anajitokeza baba mkubwa ambaye hata shule anayosoma mtoto haijui. Andika na mtu mzima wa kumpokelea, na majina yafanane na kitambulisho cha NIDA, sio "Mama Neema" jamani.

Mleta mada:
Wa Area C umenikamata, hapo kwenye mirathi ya kimila sikupaona kabisa, ya kufuta naiondoa. Asubuhi nimeenda utumishi kuomba faili langu nione nilimwandika nani. Ni kaka.