Taa za rangi kwenye bodaboda: sheria inasemaje, na kwa nini tunakamatwa sisi tu?

Boda wa Tegeta
Wakuu habari za jioni. Naendesha Boxer 150, kijiwe chetu kipo Tegeta. Taa iliyokuja na pikipiki ni globu ya wati 35. Ukipunguza moto kwenye tuta inafifia, shimo unaliona ukiwa umeshaingia. Nikafunga LED mbili nyeupe kwenye shokapu za mbele, na kwenye taa kubwa nikaweka globu yenye ubluu. Wiki iliyopita trafiki kanisimamisha, kasema taa za rangi marufuku, kaniandikia elfu 30 na zote tatu zikang'olewa palepale. Nikamuuliza kifungu, akaniambia nikasome mwenyewe. Mwenye kujua anisaidie: rangi gani inaruhusiwa?

Mkazi wa Goba
Afande kafanya kazi yake vizuri. Hizo taa zinatutesa kila usiku, unarudi nyumbani macho yanawaka. Dereva aliyepita darasani hawezi kufunga taa ya bluu. Hizo ni akili za mtu aliyeazimwa pikipiki asubuhi, akafundishwa gia, jioni anabeba abiria.

Dereva wa Tunduma
Mleta mada, mimi nipo kwenye lori, naomba unisikilize vizuri. Ya bluu inaudhi, ila nyekundu mbele ndiyo inaua. Usiku barabara ya Tanzam ukiona nyekundu mbele yako, akili inakwambia hicho ni chombo kinachoenda unakoenda. Unapanga kukikaribia na kukipita. Kumbe kinakuja! Mwendo wako na wake unajumlishwa, nafasi inaisha kabla hujashika breki. Tani 30 hazisimami kwa kuombwa. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu, duniani kote inajulikana hivyo.

Boda wa Tegeta
Mkazi wa Goba, leseni yangu ina daraja A na nimekaa darasani VETA, picha na cheti ninavyo. Pikipiki ni yangu, mkataba nimeshaumaliza kulipa. Hilo la kuazimwa umelitoa wapi? Unanijua?

Mama Neema Kibamba
Kaka wa Goba umekosea. Hawa vijana ndio wanaotufikisha nyumbani daladala zikiisha. Halafu tukianza kuulizana leseni, tuulizane wote. Wenye magari wangapi leseni zimewafuata mezani bila kugusa usukani mbele ya mkaguzi?

Mkazi wa Goba
Mama Neema, leseni yangu sikuinunua. Nimejaribiwa uwanjani, nikarudi nyuma kwenye miti. Usinijumlishe.

Mama Neema Kibamba
Hata mimi sijakutaja. Umejishtukia mwenyewe.

Fundi Umeme Msamvu
Wakuu, turudi kwenye taa. Watu wanasema rangi, rangi. Rangi ni nusu ya shida. Shikeni globu ya kawaida ya pikipiki, ile ya nyuzi mbili, muiangalie kwa karibu. Chini ya uzi wa taa ya chini kuna kikombe kidogo cha bati. Kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha ndani, kwa sababu ukipiga pale unaruka juu, kwenye macho ya anayekuja. Kioo kimechongwa kikitegemea uzi ukae pale pale, milimita chache tu zikihama mwanga unatawanyika. Sasa mtu ananunua LED ya bei rahisi Kariakoo, vipande vyake vya mwanga havijakaa mahali pa uzi, anaichomeka kwenye taa ileile. Akishusha taa bado inapiga juu. Yeye anaona kuta na matawi ya miembe yanang'aa, anafurahi kwamba taa ina nguvu, na lami mbele ya tairi imebaki giza.

La pili: zipo taa nzima zinazotoka China zenye mkato wa upande. China wanapita kulia, kwa hiyo mwanga umeinuliwa upande wa kulia, kumulika ukingo wa barabara yao. Ukiifunga hapa tunapopita kushoto, ule upande ulioinuliwa unamwangukia anayekuja. Hiyo hata iwe nyeupe kama maziwa ni hatari.

Na ile ya bluu mleta mada umepata hasara. Globu ya kawaida iliyopakwa bluu inakula mwanga wake yenyewe. Umepunguza mwanga kwa hela yako.

Mtaalamu wa Nzasa
Subirini kwanza. Mleta mada umeandikiwa elfu 30 kwa pikipiki? Faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kuwa 10,000 tangu bajeti ya 2021/22. 30,000 ni ya magari. Una karatasi?

Boda wa Tegeta
Karatasi ninayo, ila nimelipa kwa kupewa namba ya simu.

Mtaalamu wa Nzasa
Namba ya simu?! Mkuu hiyo siyo faini. Faini ya Serikali ina namba ya kumbukumbu ya malipo. Umetoa hela mfukoni kwa mtu.

Kaka Mkubwa Mbagala
Haya sasa tumefika. Hii ndiyo mada yenyewe. Taa zote hizi hazina shida mpaka tarehe 20 kwenda juu, mshahara ukikata. Hapo ndipo taa inakuwa kosa, kioo kinakuwa kosa, abiria bila kofia linakuwa kosa.

Dereva wa Tunduma
Abiria bila kofia ni kosa mwezi mzima, mkuu. Hilo usilichanganye.

Kaka Mkubwa Mbagala
Nani kasema siyo kosa? Nimesema linakumbukwa lini.

Mkazi wa Goba
Kwa hiyo kwa vile trafiki mmoja kala hela, taa za disko ziruhusiwe? Mnakwepa. Jibuni: mtu anayekuja na bluu na nyekundu zinazowaka na kuzima, nitajuaje kama ni gari la wagonjwa au ni kijana anapeleka chipsi? Watu watazoea kutopisha. Siku mgonjwa wa kweli yumo ndani, hakuna atakayesogea.

Kijana wa Njombe
Huko Dar mnaongea taa kama urembo. Njooni huku mwezi wa sita, Makambako kwenda Njombe alfajiri. Ukungu unakaa barabarani mpaka saa tatu. Taa nyeupe ukiwasha kwa nguvu inakurudia usoni, unaona ukuta mweupe. Mimi nina mbili za njano na sitozing'oa, afande aje na kifungu au bila kifungu.

Fundi Umeme Msamvu
Njombe, zimefungwa kimo gani?

Kijana wa Njombe
Chini ya magoti, karibu na madigadi.

Fundi Umeme Msamvu
Basi kinachokusaidia zaidi ni hicho kimo. Ukungu unataka taa ya chini, yenye mwanga mpana usionyanyuka. Hizohizo za njano zipandishe kwenye usukani uone kama hautarudi ukuta wako.

Dereva wa Tunduma
Na njano siyo dhambi. Ufaransa magari yao yote yalitakiwa kuwa na taa za njano tangu miaka ya 1930 mpaka 1993. Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani nao unakubali nyeupe au njano mbele.

Mtaalamu wa Nzasa
Vienna, mkuu, 1968. Geneva ni ule wa 1949.

Dereva wa Tunduma
Vyovyote. Nyekundu mbele unakataza.

Mama Neema Kibamba
Mimi swali langu ni V8. Usiku barabara ya Morogoro, kuanzia Kibaha mpaka Mbezi, gari kubwa linakuja taa za juu, zile nyeupe za kiwandani kabisa, halali kwa karatasi zote. Unamwashia, hashushi. Boda niliyepanda alisimama kabisa pembeni kwenye mchanga kwa sababu haoni kitu, na mimi nina mtoto mgongoni. Huyo mbona hakamatwi? Taa yake haina rangi, ila nusura itulaze mtaroni.

Mkazi wa Goba
Huyo naye akamatwe. Nimesema asikamatwe?

Boda wa Tegeta
Hujasema, ila mada nzima umeandika sisi tu. Ulianza na kuazimwa pikipiki, ukaja na disko, ukaja na chipsi. Mimi nimeuliza sheria.

Mtaalamu wa Nzasa
Sheria yenyewe ni ile ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, pamoja na kanuni zake. Ilitungwa kabla LED hazijafika barabarani, ndiyo maana kila afande anaitafsiri anavyoona. LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, na Jeshi la Polisi wakae, watoe tangazo moja lenye rangi, idadi ya taa na kimo cha kuzifunga, libandikwe kila kijiwe. Na maduka ya spea nayo yaguswe. Taa inaingia bandarini, inalipiwa kodi, inauzwa mchana kweupe, halafu kosa linaanzia kwa aliyeifunga.

Kaka Mkubwa Mbagala
Hapo kwenye maduka naunga mkono hoja kwa mikono miwili.

Fundi Umeme Msamvu
Mleta mada, zile nyeupe mbili ukizirudisha, zipe swichi yake na rilei (kile kiswichi cha umeme kinachobeba moto mkubwa), usizibane kwenye waya wa taa kubwa, utaunguza. Kisha simamisha pikipiki mita 5 toka ukutani, abiria akiwa amekaa nyuma, kwa sababu akikaa pua inapanda. Weka alama ukutani kwenye kimo cha taa. Mwanga wa chini ubaki chini ya alama. Ukipita alama, inamisha.

Boda wa Tegeta
Shukrani fundi. Kesho nafanya hivyo, na ya bluu naitupa. Mkazi wa Goba, cheti changu cha VETA nakiweka hapa au bado unaamini nimeazimwa?

Mkazi wa Goba
Weka, na tarehe ionekane.