Begi la kamera la kwenda Ndutu halafu Zanzibar, nichukue lipi wakuu?

Mama_Shata
Habarini wakuu. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Dar, miaka yote nabeba begi la begani tu, natoka home naingia bajaji nashuka ukumbini basi. Sasa nimepata kazi mwezi wa pili, siku nne Ndutu, kusini mwa Serengeti, na wageni wanaotaka kupiga nyumbu wakizaa, kwenda tunapanda kindege kidogo pale Arusha, tukimaliza tunaenda Zanzibar, kurudi Dar narudi kwa boti.

Vifaa: bodi mbili za kamera za Sony A7 III, lenzi Sigma 24-70, 85mm, na ile ndefu Sony 200-600 ambayo nimeikodi kwa mtu na ndo inaninyima usingizi maana ikianguka nauza kiwanja. Laptop, chaja, pawabenki. Kuna jamaa anauza Pelican 1510 yake, ile kesi ngumu ya matairi, ukiiangalia unaona hata fuso ikipita juu haina habari. Nichukue hiyo au begi la mgongoni? Bajeti laki tatu, nikijikamua tatu na nusu. Mume wangu anasema nichukue begi la shule la mtoto niweke nguo katikati, tafadhali msimuunge mkono.

Gaidi_wa_Karatu (usiogope jina, ni tour guide)
Dada usilipe hiyo hela. Vindege vya porini vingi vinakupa kilo 15 jumla, na la mkononi ndani yake, na wanataka begi laini lisilo na matairi kwa sababu mizigo inasukumiwa kwenye tumbo la ndege, kule begi laini linajikunja kesi haijikunji. Hiyo 1510 ikiwa tupu ni kilo 5.4, yani theluthi ya mzigo wako imeisha hujaweka hata kofia. Nishaona mgeni anaachiwa kesi yake uwanjani ije na gari kesho yake, siku nzima alikua anapiga simba na simu.

Kingine watu hawawazi, kwenye gari begi utaliweka kwenye siti pembeni yako, paa liko wazi, vumbi la Ndutu ni kama unga wa ngano. Kwahiyo tafuta linalofunguka kwa juu, uchomoe kamera na kufunga kwa mkono mmoja. Yale ya kufunguka lote kama sanduku ukiwa umesimama kwenye gari ni mateso. Na chukua kanga, ile ile ya nyumbani, ufunike begi muda wote gari linatembea, inafanya kazi kuliko kava za bei mbaya. Lenzi usibadilishe, una bodi mbili, moja ikae na 200-600 nyingine na 24-70 mpaka mrudi kambini.

sato_express
Mkuu hapo juu kamaliza ya ndege, mimi niongeze ya boti na basi. Mwaka juzi natoka Mwanza kuja Dar, konda akaniambia begi halikai juu liende kwenye buti, nikaona sawa tu lina kava ya mvua nikalivalisha nikajiona mjanja. Kumbe juu yake wakaweka boksi la sato la mtu, barafu likayeyuka njia nzima. Kava ya mvua inafunika upande wa nje tu, upande wa mgongoni kwenye mikanda uko wazi, maji yakaingilia hapo. Lenzi moja ilikufa, na begi mpaka leo ukifungua zipu unasikia harufu ya soko la Kirumba. Kwahiyo kwenye boti usikubali liende kwenye mizigo, kaa nalo miguuni, ni masaa mawili tu hayo.

kijana wa rimoti
Weka mchele ndani ya begi unavuta unyevu, haraka haraka

Bi_Mwanga wa Ng'ambo
Mchele tena? 😂 Huo uupike tu mwanangu, ndani ya begi unaacha vumbi la wanga likaingia kwenye ringi za lenzi.

Mie niko Unguja, skiza mwanangu. Huku adui si mwizi, adui ni joto na ukungu. Utalala chumba cha AC, asubuhi utatoka na kamera mkononi, papo hapo lenzi inalia machozi, na ukikimbilia kuifuta na fulana ushaikwaruza. Kabla ya kutoka iache ndani ya begi, zipu zifungwe, litoe begi nje kivulini nusu saa ndo ufungue. Na usiku begi lisikae limefungwa na kanga mbichi na sijui nini ndani, fangasi wa lenzi anapenda giza na unyevu, akishaingia anatandaza nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nunua silika jeli zile punje zinazogeuka rangi zikishiba maji, ukiona zimegeuka unazikausha kwenye oveni moto mdogo zinarudi kazini.

Gaidi_wa_Karatu
Nilisahau betri. Za akiba zote na pawabenki ziwe mkononi, zisiende kwenye mizigo, na wakikunyang'anya begi mlangoni kwa sababu ndege imejaa zitoe kwanza. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (kipimo cha nishati ya betri) haina shida, ya 30,000 inapita Wh 100 hapo mpaka shirika la ndege likubali.

fundi_wa_sponji
Dada samahani nitamuunga mkono shemeji kidogo 😅. Kitu unacholipia kwenye begi la kamera ni ile boksi ya sponji ya ndani, mfuko wa nje ni mfuko tu. Nenda Karume asubuhi mitumba ikifunguliwa, tafuta begi la mgongoni la kupanda mlima, lita 35 hadi 40, liwe na mkanda wa kiunoni na zipu nene, vuta zipu mara kumi kumi kabla hujatoa hela. Halafu nunua inseti, yani hiyo boksi ya sponji, au mpelekee fundi wa mabegi na sponji ngumu ile inayorudi ukiibonyeza, sio ya godoro. Pima kwanza, 200-600 peke yake ni karibu sentimita 32, ukiiacha kwenye bodi unakaribia 40, mabegi mengi yanayoandikwa ya kamera inakataa kulala humo. Na begi la hivyo likiwa chafu chafu hakuna wa bodaboda anayejua kuna milioni ngapi ndani, yale yenye jina la kampuni mgongoni yanatangaza.

Mama_Shata
Asanteni sana wote, Pelican nimeachana nayo. Jumamosi nimeenda Karume nimepata la kijani lita 38 kwa elfu 45 baada ya kuvutana, mkanda wa kiunoni mzima, kamfuko ka pembeni kametoboka. Fundi kachukua elfu 60 na sponji, kagawanya na velcro naweza kuhamisha. Nimeenda na 200-600 ikiwa kwenye bodi akapimia hapo hapo, mara ya kwanza kakata fupi kofia ya lenzi ikagoma tukarudia. Nimepima na mizani ya jirani anayeuza nyanya, vyote ndani pamoja na laptop kilo 9.2, nguo zinabaki na kilo tano na kidogo, zinatosha sana.

Tatizo ni moja tu, sikuzima simu na mume wangu amesoma uzi wote. Tangu juzi kila akipita anauliza begi la shule linaendeleaje.

sato_express
Mpe simu tumsalimie shemeji 😂