Dende wawili wanafukuzana tangu jana: niwatenganishe?

Mama Bagira: Jambo kwenu wote. Niko na dende wawili (cobaye, wanyama wadogo wa kufugwa wa jamii ya panya) hapa Bukavu, niliambiwa wote ni majike. Mkubwa ana mwaka mmoja, hajazaa bado. Mdogo ana miezi miwili, ametoka jana soko la Kadutu. Mkubwa anamfuata akinguruma na kutikisa makalio, anampanda mgongoni. Mdogo analia na kukimbilia kwenye karatoni. Damu hakuna. Niwatenganishe ao niwaache?

Mfugaji wa Kadutu: Waache, mama. Wanapanga nani mkubwa. Kunguruma na kupandana si kazi ya madume peke yake. Jike naye hufanya hivyo, zaidi akiwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, hali ambayo hurudi kila siku 16 hivi. Mdogo akilia na kukwepa anasema "nimekubali", na mkubwa akiishia hapo hakuna vita. Ukiwatoa na kuwarudisha kila mara, wataanza upya kila mara.

Cha kuogopa ni hiki: meno kugongana mfululizo, manyoya ya shingo kusimama, wawili kutazamana uso kwa uso vichwa juu. Hapo ingiza kipande cha mbao katikati. Usitie mkono mtupu, watakuuma vibaya. Damu ikitoka, watenganishe, osha kidonda kwa maji ya chumvi na ukiangalie kila siku, maana kidonda cha meno huziba juu na kufanya jipu ndani.

Mama Bagira: Asante, papa. Karatoni ni moja, ina mlango mmoja. Majani naweka kwenye kona moja.

Mfugaji wa Kadutu: Basi tatizo ni hapo. Mdogo akiingia, mkubwa anaziba mlango, na hofu inageuka kuumana. Toboa mlango wa pili, ongeza karatoni nyingine. Majani gawa mafungu matatu yaliyo mbalimbali, maji sehemu mbili. Sakafu isipungue mita 1 kwa sentimita 70. Kisha mpime mdogo kila wiki: akipungua uzito, anazuiwa kula hata kama huoni ugomvi.

Dada wa Panzi: Mama, kabla ya yote hakikisha mdogo ni jike kweli. Mgeuze taratibu, bonyeza kidogo juu ya sehemu za siri: dume hutoa kijiti, jike ana mkato wenye umbo la Y. Dume wa miezi miwili anaweza kabisa kupandisha. Wengine huanza wakiwa na wiki tatu tu. Na mkubwa wako hajazaa: jike akipita miezi 7 hivi bila kuzaa, mifupa ya nyonga hukaza, uzazi wa kwanza unaweza kumuua. Ukikuta ni dume, mtoe leo hii, usingoje kesho. Mimba huchukua kama siku 68, kwa hiyo hesabu kuanzia jana na umwangalie mkubwa tumbo.

Mama Bagira: Nimeangalia sasa hivi, ni mkato wa Y. Natoboa karatoni.