Tupeane uzoefu: dawa ya kolestro, misuli kuuma na mkojo kama chai ya rangi

Dirishani: Msimu wa korosho huu, kila anayelalamika mapaja anaambiwa "ni kuinama kuokota". Anayemeza simvastatini, dawa ya kolestro, muulizeni kwanza kaongezewa dawa gani karibuni. Mara nyingi ni zile za vidonda vya tumbo za siku 14, zenye antibiotiki ya klarithromaisini. Hiyo inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja simvastatini. Dawa inajaa kwenye damu, seli za misuli zinapasuka, myoglobini (protini nyekundu ya misuli) inamwagika na kuziba mirija ya figo. Simvastatini isimamishwe mpaka dozi ya vidonda iishe. Antibiotiki ya erithromaisini na itrakonazoli ya fangasi, hivyo hivyo.

MwanaNewala: Kweli tupu. Na wa ARV zenye ritonavir wasipewe simvastatini kabisa.

Maabara_Jioni: Kinachotuponza huku ni kichocho. Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu 3+ (nyingi), mtu anapewa prazikwanteli na kurudishwa nyumbani. Kijiti hakitofautishi damu na myoglobini! Zungusha mkojo kwenye mashine, tone la mashapo liweke chini ya hadubini. Hakuna chembe nyekundu, hakuna mayai, na kijiti bado kinasema damu? Shuku misuli. Omba vipimo vya damu siku hiyohiyo: CK (kimeng'enya cha misuli), potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo). CK ikivuka mara tano ya kawaida, si uchovu wa shamba huo.

Masasi_Mjini: Anywe madafu matatu, figo zisafishike.

Maabara_Jioni: Madafu?! Misuli inamwaga potasiamu, nawe unaongeza. Utausimamisha moyo wa mtu.

Masasi_Mjini: Basi uraka, pombe ya mabibo 😂

Dirishani: Pombe nayo huvunja misuli, ndugu yangu.

Wodi_ya_Wanaume: Tuache utani. Dripu ya chumvi 0.9%, lengo mkojo mililita 200 hadi 300 kwa saa, unapimwa na kuandikwa kila saa. Sikiliza mapafu, hasa kwa mwenye moyo dhaifu. Mkojo ukikata, usiendelee kumjaza maji. Rufaa ya dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) mapema. Na jamani, diklofenaki! Anachomwa kutuliza maumivu, figo zinamaliziwa hapohapo. Parasetamoli inatosha.

BintiMikindani: Si bora wavitupe vidonge vyote vya kolestro?

Dirishani: Usitishe watu, dada. Hali hii ni nadra. Aliyewahi kupata kiharusi asiache mwenyewe, abadilishiwe na daktari. Rosuvastatini, nayo ya kolestro, haitegemei kimeng'enya kile.

MwanaNewala: Na mwenye amlodipini ya presha?

Dirishani: Simvastatini isizidi miligramu 20.