Tarehe za Idjwi: 1885, 1910 au 1916?

Mwalimu wa Kadutu
Jambo ndugu zangu. Wanafunzi wa sekondari hapa Bukavu wanatengeneza utepe wa karatasi wenye historia ya kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, wa kubandika ukutani. Daftari moja linasema Wabelgiji walikipata 1885, jingine 1910, jingine 1916. Ipi ndiyo? Na kabla ya Wazungu tuandike nini?

Wa Himbi, Goma
Mwalimu, andika 1910. Mwaka 1885 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alitangaza mipaka kwa mstari wa ramani tu. Ziwa Kivu lenyewe hakuna Mzungu aliyekuwa amelifikia. Von Götzen, Mjerumani, ndiye alilifikia, Juni 1894, na kuanzia hapo Wajerumani na watu wa Leopold wakagombania ziwa zima. Ugomvi ulikatwa Brussels 1910: Idjwi ikaenda kwa Wabelgiji, ng'ambo ya Gisenyi na Cyangugu, upande wa Rwanda, ikabaki kwa Wajerumani.

1916 ni kurudishwa, si kupata. Tarehe 24 Septemba 1914 Wajerumani wa afisa wao Wintgens walikiteka kisiwa, wakakishika hadi Wabelgiji waliposonga mbele 1916. Wanafunzi wasichanganye na mizinga iliyoipiga meli *Alexandre Delcommune* tarehe 22 Agosti 1914. Ile ilikuwa Ziwa Tanganyika.

Mjukuu wa Bahavu
Naongezea la kabla ya Wazungu, maana bila hilo utepe utakuwa wa Brussels, si wa Idjwi. Mwami (mfalme) Kabego wa Idjwi aliuawa katika vita vya Rwabugiri, mfalme wa Rwanda. Mwaka msiuandike, masimulizi ya wazee hayahesabu kwa kalenda. Andikeni "kabla ya 1895", kwa kuwa Rwabugiri alikufa mwaka huo. Usultani wa Rubenga kaskazini na wa Ntambuka kusini uwekeni pia, ndio wanaoujua watoto wa kisiwani hadi leo.

Na sambaza! Wengi wanadhani ni samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa mvuvi wa Idjwi, tarehe hiyo ina uzito kuliko mkataba wowote.

Wa Himbi, Goma
Kweli kabisa, sambaza wasikose.

Kuhusu vipimo: sentimita 1 kwa mwaka, 1885 hadi 1960, ni sentimita 75. Kabego akae kushoto, nje ya vipimo, bila alama ya mwaka. 1910, 1914 na 1916 zitabanana ndani ya sentimita 6, kwa hiyo 1914 iandikwe juu ya mstari, zile mbili chini.

Mkitafuta karatasi za zamani, jaribuni majina yote: Idjwi, Ijwi, Kwidjwi, na kwa Wajerumani Kwidschwi. Bukavu nayo itafuteni kama Costermansville. Anayetafuta kwa jina moja tu anakosa kurasa nyingi za 1914.