Mjadala: Mwenye bastola ndogo afyatue mbele ya mkaguzi kabla leseni haijahuishwa?

Mwenye Duka Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja na nitaitetea. Anayehuisha leseni ya bastola aje nayo kila mwaka, apige risasi ishirini mbele ya mkaguzi. Ikikwama, arudi kwa fundi kwanza, karatasi baadaye. Nazisema hasa hizi ndogo za kuficha kiunoni.

Nina duka la jumla na usiku naondoka na mauzo, ndiyo maana nikaomba leseni. Kwenye ule uhakiki wa silaha wa 2016 nilikwenda kama wengine. Askari akasoma namba, akalinganisha na karatasi, akaandika kwenye daftari. Dakika tano nimemaliza. Inapiga? Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikuwaza.

Mwezi uliopita mzee mmoja, askari mstaafu, aliniambia, "Mwanangu, hebu itoe tuione." Nikachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, nikaondoa na risasi iliyokuwa chemba, tayari kupigwa, nikampa. Ubavu unaogusa mwili ulikuwa na vidoa vya kutu kama pilipili manga iliyomwagwa. Ndani, nyuzi za nguo zilikuwa zimeshikana na mafuta ya zamani, tope jeusi kabisa. Akaiokota ile risasi ya chemba, akaisimamisha mezani pembeni ya mpya. Ilikuwa fupi! Kila asubuhi nakoki risasi ileile, kila usiku naitoa, na kichwa chake kimekuwa kikisukumwa kuingia ndani ya ganda kidogo kidogo. Mzee akasema risasi iliyobanwa hivyo msukumo wake hupanda, inaweza kuipasua silaha mkononi mwangu.

Kwenye uwanja wa shabaha ikapiga mbili. Ya tatu ganda likasimama wima kwenye dirisha la kutokea, kama bomba la moshi. Miaka yote nimetembea na kitu cha risasi mbili nikidhani nina saba.

Naomba kuwasilisha.

Mpita Njia

Suluhisho rahisi: isiwepo kabisa kiunoni. Mauzo yatumwe kwa simu.

Fundi wa Zamani

Mkuu wa Tanga, nimefanya kazi ghala la silaha miaka mingi, niongezee kidogo, kwa sababu watu hulaumu bastola bila kujua inavyofanya kazi.

Bastola ikipiga, slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma, inatupa ganda, inasukumwa mbele na springi na njiani inabeba risasi mpya. Ile kubwa ina slaidi nzito na njia ndefu, hivyo mambo yanakwenda kwa nafasi. Ukiifanya ndogo, slaidi inakuwa nyepesi na njia fupi, basi unalazimika kuweka springi ngumu. Slaidi inakwenda mbio, na springi ya magazini ina muda mdogo mno wa kuinua risasi inayofuata. Uchafu kidogo tu, au springi imechoka, umekwama.

Halafu kuna mkono. Bastola inahitaji kitu kigumu nyuma yake ili slaidi imalize safari. Ukilegeza kifundo cha mkono, nguvu inapotea kwenye kiganja, ganda linabaki mlangoni. Kwa kubwa ya gramu mia sita na kitu, unasamehewa. Kwa ndogo husamehewi, maana mpini wenyewe unashikwa na vidole viwili, cha tatu kinaning'inia.

Ndogo inataka springi ibadilishwe mapema kuliko kubwa. Lakini wanunuzi wa ndogo ndio hao wanaotaka kitu cha kuweka kiunoni na kusahau. Hapo ndipo ninapokuunga mkono.

Dereva wa Houston

Salamu kutoka Texas. Huku tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na zuio la kisheria anabeba bastola bila kibali wala mafunzo, kwa hiyo hoja ya mwenye duka wenyeji wangu wangeicheka.

Ila kuna upande mwingine. California wana orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa madukani. Ili aina fulani iingie, inapigwa risasi 600: ishirini za kwanza zisikwame hata mara moja, na kwa zote 600 isizidi mara sita, tena pasivunjike kitu. Inaangushwa pia ionekane kama itajifyatua. Wenye silaha wameipinga mahakamani miaka na miaka. Wakati huohuo, ile tume ya usalama wa bidhaa ya serikali kuu ya Marekani, inayoweza kuamuru pasi ya nguo au kiti cha mtoto kirudishwe kiwandani, imezuiwa kisheria isiguse bunduki. Mwaka 2008 kiwanda cha silaha cha Ruger waliporudisha LCP, ka-bastola ka gramu 270 hivi, kwa sababu ikianguka na risasi ndani ingeweza kujifyatua, waliamua wenyewe.

Swali langu: kwa nini mzigo umwangukie mwenye duka peke yake? Kipimo kianze kwa anayeingiza silaha nchini.

Binti wa Kariakoo

Mnapanga vizuri, lakini mmesahau nchi mnayoishi. Kila ukaguzi mpya ni mlango mpya wa chai. "Bastola yako imekwama, dada, lakini tunaweza kuelewana." Risasi zenyewe hazinunuliwi kama karanga, na mnataka ishirini ziteketee kila mwaka. Kwa gharama ya nani?

Na aliyeko Kibondo au Liwale, uwanja wa shabaha atautoa wapi? Atapanda basi na bastola?

Jirani wa Nyali

Hapa Mombasa, ndugu zangu, adui ni chumvi. Chuma kinachokaa mwaka Nairobi bila kutu, hapa kwa jasho na upepo wa bahari wiki mbili kimeshaanza. Mimi nafuta yangu kila Ijumaa kabla ya swala, naipaka mafuta kidogo tu, maana mafuta mengi ndiyo yanayonata vumbi.

Mwishoni mwa 2018 serikali yetu iliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Nia ilikuwa kumjua nani anayo. Ukaguzi wa namna hiyo una kazi yake, lakini hauwezi kukuambia kama springi imelala. Dada wa Kariakoo ana haki kuhusu chai. Dawa yake ni kumtoa polisi kwenye kipimo: apime fundi mwenye leseni, atie sahihi, naye awajibike.

Mwenye Duka Tanga

Nimewasoma wote. Mpita Njia, wateja wangu wa vijijini bado wanakuja na fedha mkononi, ndiyo hali.

Dada wa Kariakoo, hilo la Liwale limenigusa, sikulifikiria. Nakubali kila mwaka ni mara nyingi mno. Iwe kila miaka mitatu, na kwa pendekezo la jirani wa Nyali, fundi badala ya polisi. Lakini sikubali kwamba kwa kuwa kuna chai basi tusipime. Magari tunayakagua, na chai ipo.

Dereva, upo sahihi kuhusu waingizaji, ila ile LCP ya kwako ilitoka kiwandani na kasoro. Yangu ilitoka nzima, nimeiharibu mimi.

Fundi wa Zamani

Springi umepata?

Mwenye Duka Tanga

Bado, mkuu. Muuzaji ameniambia kibali cha kuiingiza kinachukua muda wake. Bastola nimeifungia kwenye sefu, na jana nimefunga duka saa kumi na moja jioni.